Bundi wa Pangoni na Kurumbiza Wawili

Hata leo naisikia sauti ya chekecheke la waya likicheza na udongo mkavu, shwaa, shwaa. Ilikuwa siku yangu ya kwanza kazini, katika pango la matumbawe nyuma ya kijiji chetu cha Utende, hapa kisiwani. Sasa nina miaka ishirini na minne na tayari najiita mstaafu. Mkataba uliisha, nimerudi kwenye kilimo cha mwani. Nanyi wadogo zangu mnaoniuliza kazi ile ilikuwaje, ilikuwa hivi.

Tulichekecha kutafuta mifupa ya bundi aliyetoweka zamani, ambaye hakuna bibi wala babu anayemkumbuka. Mfupa wake wa paja ulikuwa mnene kama kidole changu cha mwisho. Pembeni yake ilijaa mifupa myembamba kama njiti za kiberiti, mabaki ya ndege aliowala. Mtaalamu wa Mifupa, bosi wetu kutoka bara, alidhani ni kurumbiza, yuleyule anayeimba vichakani kwetu hadi sasa. Ili alinganishe, alitaka mifupa ya kurumbiza mmoja wa leo. Kibali alikuwa nacho, na kazi ya kumnasa akanipa mimi.

Msimamizi wetu, Bi Zuhura, akacheka: huyu anayelia kuku akifungwa miguu ndiye apewe ndege? Nikamnasa wavuni. Mtaalamu akaniambia nimuue asiteseke. Nami nikafanya kama nyumbani: nikamwelekeza kibla, bismillahi, kisu. Shingo ile ndogo, kisu kikapita hadi mfupani. Nilidhani nimemtendea wema.

Mtaalamu alimgeuza kiganjani.

"Binti, mifupa ya shingo ndiyo niliyoitaka."

"Nisamehe, mzee. Sisi huchinja."

"Huyu si kitoweo. Hubonyezwa kifua mpaka pumzi zimwishe. Sasa itabidi afe wa pili."

Bi Zuhura hakucheka tena. "Mwenzake yupo pale kichakani," alisema. "Tangu asubuhi anamwita."

Mimi niliyeota kuwa mtaalamu siku moja, nikautega tena wavu huku nikitamani utoboke. Bundi yule hakuna ajuaye alivyolia. Kurumbiza tunamsikia kila kukicha, basi tunadhani wapo tele.

Wa pili alinasa adhuhuri. Mtaalamu akanyoosha mkono kumpokea. Nikamwambia kosa ni langu, aniachie. Nikaenda naye nyuma ya mwamba, peke yangu, bila kisu. Nikasema bismillahi hata hivyo, nikaweka kidole gumba chini ya bawa lake, nikabonyeza mpaka moyo wake ulipoacha kukigonga.