Springi ya Kiti cha Trekta

Shule ya usiku ilinifundisha kwamba gari dogo hubebwa na springi kila gurudumu, lakini trekta haina springi kwenye magurudumu ya nyuma. Kinachomwokoa dereva ni ile moja iliyo chini ya kiti chake. Baba yangu aliendesha trekta ya miwa huko Muhoroni tangu Adamu akinyonya, na springi ya kiti chake ilikatika mapema. Mwenye trekta, ambaye gari lake lilivuka mashimo kana kwamba linaogelea, alimwambia, "Mzee, kunja gunia ulikalie. Kwani wewe ni yai?"

Baba alicheka, akakunja gunia.

Siku hizi mgongo haumruhusu kuketi. Anakula amesimama, na kanisani walio nyuma yake hawajamwona padri kwa miaka mia.

Alipostaafu, mwenye trekta alimletea zawadi, sofa yenye springi kila upande. Wageni walipiga makofi. Baba aliibonyeza kwa kiganja, akaitazama ikiinuka taratibu.

"Kalia wewe, mwanangu," akaniambia.

Nilikaa, yeye akasimama kando. Ni sofa nzuri sana, na ninaichukia kuliko malaria.