Gauni la Shukrani la Wifi Kerubo

Mwaka 2019 nilitoka Arlington kwenda Houston, humu humu Texas, kumshukuru Mungu. Wifi yangu Kerubo, dada ya mume wangu, alikuwa amemaliza matibabu ya saratani ya titi, na kanisa lao lilimwandalia ibada ya shukrani Jumapili. Kwenye simu nilimwona uso umejaa. "Umenenepa, wifi! Dawa zimekukubali," nilimtania. Nikamshonea gauni la kitenge, nikaongeza kiuno.

Jumamosi asubuhi nilishika barabara ya kusini peke yangu. Malori, mvua, uwanda usio na kilima. Niliimba nyimbo za kanisa mpaka koo likanikauka.

Alief, mtaa wao wa Houston, mchana. Kerubo alifungua mlango, kisha akashika ukuta apate pumzi. Alivaa patipati za mumewe. Viatu vyake havikumwingia tena. Kwenye kochi mito ilikuwa imerundikwa.

"Mbona unalala hapa?"

"Nikilala flat nashindwa ku-breathe. Lakini usijali, ni mwili umerudi. Kila mtu church anasema na-look good."

Nilibonyeza mguu wake. Alama ya kidole ikabaki pale kama kwenye unga wa chapati. Niliingiwa na hofu.

"Wifi, twende hospitali."

"Na kesho ni shukrani! Watu washapika. Niwaambie nini, Mungu amebadilisha mawazo?"

"Waambie unaumwa. Ingia gari."

Jioni, hospitalini, daktari alitueleza kwamba dawa zilizopigana na saratani zilikuwa zimeudhoofisha moyo wake. Ule unene ulikuwa maji. Walimpa dawa za kuyatoa na vidonge vya moyo, wakamkataza chumvi. Moyo ungeweza kupata nguvu tena, au usipate, hakuna aliyetuahidi. Kerubo aligeukia ukuta. "Nimetoka kwa moja, naingia kwa ingine," akasema. Tulilia sote wawili.

Jumapili waumini walimletea pilau ya shukrani wodini. Hakuruhusiwa hata kuonja.

Siku niliyoanza safari ya kurudi, alikuwa amepungua hata gauni nililomshonea likamning'inia alipolijaribu. Mgeni mmoja alininong'oneza mlangoni, "Maskini, amekwisha." Mimi ndipo nilipopata faraja kidogo, maji yalikuwa yanamtoka. Njiani sikuimba.

Kwetu afya tunaisoma mashavuni. Nami niliisoma hivyo, nikamsifia ugonjwa. Siku hizi Kerubo akinipigia video, uso wake siugusii kwanza.

"Shusha simu, wifi," namwambia. "Nionyeshe miguu."