Punje ya Kunde ya Shangazi

Jamani, leo shangazi yangu amenitoa jasho mbele ya kijiji kizima!

Nimeenda kwao, jirani na Mlandizi, kuendesha mkutano wa mpango wa kutunza Mto Ruvu. Tukauchora mto na mashamba ya kandokando chini kwa majivu.

Nikagawa punje za kunde: kila mtu aweke punje kwenye shamba lililo karibu mno na maji, ili lihamishwe.

Watu wakabaki wamezifumbata punje zao.

Nani amchongee jirani yake hadharani? (Na mimi msomi wenu sikuliwaza hilo. Nichekeni tu.)

Mara shangazi akainuka. Nikajua leo kuna ugomvi.

Akaweka punje kwenye bustani yake mwenyewe ya bamia!

"Hii yangu iko mtoni kabisa. Kila mtu aseme ya kwake."

Watu wakapanga foleni. Hadi mwenyekiti!

Wakati naondoka shangazi akanifungia bamia kwenye gazeti.

"Shangazi, si ndiyo bustani inayokulisha?"

"Nilikuona umesimama peke yako na makaratasi yako. Ningekuacha? Kazile, mwanangu, ndizo za mwisho."

Sasa niko jikoni kwangu, Tangini. Kisu ninacho, bamia ninazo.

Nyie mngeweza kuzikata?