Mama mkwe alipotea kijiji kipya, mlango ukawa kesi

Wakuu, wakubwa zangu shikamooni. Wadogo, marahaba kabla hamjaamkia.

Ninachoandika nilikiona kwa macho yangu. Wale wa kusema "hii chai", vitafunio jileteeni wenyewe.

Ni miaka ya sabini, huko Kibondo. Mimi nilikuwa nimeolewa juzijuzi. Tukaambiwa watu wote watoke vilimani walikotawanyika, wakae pamoja kijiji kipya upande wa Kitahana.

Nyumba zilipangwa mstari mmoja, udongo na nyasi, milango yote inatazama barabara. Huwezi kutofautisha ya kwako na ya mwenzio.

Sisi vijana tulizoea haraka. Mama mkwe hakuzoea kabisa.

Na msidhani alikuwa amechoka akili. Alijua ukoo wa kila mtu, na utani wake ulikuwa unakata. Mkienda naye kwenye urugo, yaani mji wetu wa zamani wenye ua wa minyaa, anatangulia yeye na hakosei kijia hata kimoja. Lakini kijiji kipya, akitoka mlangoni tu kapotea.

Cha ajabu, alipotelea palepale kila siku. Jikoni kwa jirani yetu, Mama Yustina. Anaingia, anakaa kando ya mafiga, anapuliza moto wa watu, anauliza chungu chake cha maharage nani kakichukua.

Mwanzoni tulicheka.

Baadaye kichanga cha Mama Yustina kikaanza homa, na hakuna aliyecheka tena.

Wakuu, mnajua mambo haya yanavyoendaga. Bibi kizee, jikoni kwa watu, mtoto anaumwa. Maneno yakaanza kisimani. Balozi wa nyumba kumi akaja kwa mume wangu akasema, "Huyu mama mtafutieni pa kumpeleka. Watu wakiamua wenyewe, mimi sitaweza kuwazuia."

Tumpeleke wapi? Nyumba ya zamani ilishabomolewa.

Mume wangu alichanganyikiwa, mimi nikaogopa kwelikweli. Nikamuuliza mama mkwe kwa upole, mama, kwa nini unakwenda kule? Akanitazama kama mimi ndiye nimepotea.

"Mwana wanje, mwanangu, nani ameuhamisha mlango wangu?"

Kesho yake nikamfuata kwa nyuma. Alitoka, akasita, akainua uso kama anatafuta jua. Halafu akakata kulia, moja kwa moja hadi kwa Mama Yustina.

Hapo ndipo nikakumbuka. Kule kwenye urugo mlango ulitazama jua linakochomoza, na ukitoka, jiko liko mkono wa kulia. Miguu yake ilikuwa bado inatembea kulekule.

Jiko letu jipya lilikuwa nyuma ya nyumba; ukitokea upande huo, liko mkono wa kulia. Nikamwambia mume wangu tuzibe mlango wa mbele, tutoboe ukuta wa nyuma, mlango utazame mashariki.

Akashika kichwa. "Tayari wanamwita mchawi, wewe unataka tumpe na mlango wa uani?"

Lakini mama ni mama. Mume wangu akachukua jembe, akatoboa.

Asubuhi balozi akafika amefura, majirani nyuma yake, Mama Yustina na mtoto mgongoni. Nikamwambia, "Baba, kabla hujasema lolote, subiri mama atoke."

Akatoka. Jua likampiga usoni. Akakata kulia, akainama, akaingia jikoni kwake mwenyewe. Tukasikia anapuliza moto.

Kisha sauti ikatoka humo ndani: "Mmesimama hapo mnashangaa nini? Leteni kuni!"

Aliyepeleka kuni ni Mama Yustina.

Mtoto alipona. Balozi alinung'unika sana kwamba tumemharibia mstari wake, ila mlango ulibaki. Mpaka anafariki, mama mkwe hakupotea tena.

Lakini wakuu, mpaka leo sielewi. Kichwa kinawezaje kutunza njia ya miaka hamsini halafu kikatae njia ya jana? Madaktari wa humu mtanisaidia.

Sasa kwa nini naandika leo.

Mzee wangu alishatangulia, na binti yangu kanihamishia kwake, Kasulu mjini. Nikitoka chumbani kwenda chooni, najikuta stoo. Juzi niliingia geti la jirani nikamkaripia dada wa watu eti anachezea sufuria zangu.

Binti yangu alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilimkumbuka mama mkwe.

Funzo langu ni dogo. Ukitaka kumhamisha mzazi, kabla hujabeba godoro lake, simama kwenye mlango wake wa zamani uone unatazama wapi.

Nishaurini, matusi wekeni pembeni. Ukuta wa mashariki wa nyumba hii ni wa tofali za kuchoma, umepakwa rangi mwezi uliopita, na mwenye nyumba ni mkwe wangu.

Namwanzaje?