Vikombe vya Kilabu cha Mama Oska

Siku yangu ya kwanza kazini, Mganga Mkuu aliitikia shikamoo yangu, akanikabidhi kipaza sauti kilichofungwa kwa mpira wa baiskeli. "Marahaba, binti. Wewe ndiye ofisa habari wetu. Tunalolijua tunalisema. Tusilolijua tunasema hatulijui. Haya, kafanye kazi." Hayo ndiyo mafunzo yangu yote, wajukuu zangu, na mpaka leo sijaona yaliyoyashinda.

Nilikuwa bado kwenye majaribio, ile miezi ya kupimwa kabla ya kuthibitishwa, mafua ya mlipuko yalipoingia Songea. Nikaandika taarifa kwa umma, karatasi moja ya kusomwa redioni, nikaisoma mwenyewe kwa madaha: "Wananchi, acheni komoni, inaeneza mafua." Lo! Kilichoeneza mafua ni lile kopo moja linalozunguka mdomo hadi mdomo kilabuni, maana kwetu kumruka mwenzako ni kumtukana. Mimi na haraka zangu nikailaumu pombe ya mahindi iliyosomesha watoto wengi wa mtaa wa Msamala.

Kesho yake Mama Oska, mwenye kilabu, alisimama mlangoni na mwiko wake akawatimua manesi wetu. Wapika pombe wenzake wakamuiga. Waliokuwa wanakohoa wakajificha ndani, hawataki hata kutuona.

"Umetufungia milango," Mganga Mkuu aliniambia. "Kaifungue. Ukishindwa, Ijumaa unarudi masjala kupanga mafaili."

Nililia, siwafichi. Kisha nikaondoka na gari la matangazo. Dereva wetu, Bwana Rashidi, alikuwa Myao wa Tunduru, mtani wetu sisi Wangoni, na pombe hakuigusa kabisa. Mbele ya kilabu nikashika kipaza sauti: "Mama zangu, nilikosea. Komoni haina kosa. Kosa ni kopo moja kwa watu wote. Nisameheni."

Mama Oska akanikazia macho, mwiko mkononi.

Rashidi akaninyang'anya kipaza sauti. "Enyi Wangoni! Babu zenu walitutisha kwa mikuki, leo mnaangushwa na mate ya jirani? Aibu gani hii!"

"We Myao mla korosho!" mzee mmoja akafoka kutoka ndani. "Nani kakupa hicho kipaza sauti?"

Kilabu kizima kikaangua kicheko. Mama Oska alicheka mpaka akashusha mwiko. "Haya, mwanangu, ingia. Tufanyeje?"

"Kila mtu na kikombe chake, mama. Na anayekohoa aonwe na nesi."

Kufika Alhamisi ukuta wa kilabu ulikuwa umejaa misumari, kila msumari na kikombe, kila kikombe na jina la mwenyewe kwa rangi ya kucha. Manesi walipewa viti. Ijumaa nilibaki mezani kwangu, nikapiga vigelegele peke yangu.

Baadaye nilihamishiwa Tunduru, kisha Namtumbo, chini ya wakuu wengi, na kila taarifa niliisoma mara tatu kabla ya kuituma. Nilipostaafu nikarudi Msamala kumwamkia Mama Oska, mzee sasa. Akanyoosha kidole ukutani: "Chako kile." Kiliandikwa OFISA HABARI. Kando yake kilining'inia kingine: MYAO, CHAI TU.

Nilicheka hadi machozi, nikampigia Rashidi simu palepale. "Mtani, panda basi uje. Kikombe chako kinajaa vumbi."