Maji ya Pampu na Mkono Wangu wa Kulia

Mfuniko wa rejeta ya lori uliruka, na maji yanayochemka yakanishukia mkono wa kulia, kuanzia begani hadi vidoleni. Nilikuwa na miaka tisa. Harufu niliisikia kabla ya maumivu: kutu, chumvi na mashudu ya alizeti.

Yalinirudia juzi pale Shelui, ndugu msomaji, mwanangu alipopeleka kigari chake kwa fundi. Fundi akatoa maji ya kahawia kwenye rejeta, akashika dumu la kulanti, ile dawa ya kijani ya kupoza injini. "Mama, mkitia maji ya pampu ya huku mnaiua injini," akasema. "Yana chumvi. Yanaganda humo ndani, njia zinaziba, gari inachemsha." Nikacheka peke yangu. Hilo bibi yangu alilijua kwa sufuria tu.

Kijijini kwetu maji yalikuwa ya aina mbili. Ya pampu yalikuwa karibu, ya ng'ombe na kuoshea miguu. Sabuni haitoi povu hata uisugue iishe. Ya mchangani tuliyachota kwa kata kwenye mto uliokauka, matamu, ya kunywa na kupikia mlenda. Asubuhi tulikwenda wasichana kwa mstari, mchanga bado wa baridi. Mvivu aliyechemsha ya pampu alijulikana kwa ukoko mweupe kwenye sufuria. Bibi aliukwangua kwa kisu, kwaru, kwaru, akisema, "Chumvi haina haraka, ila haiachi kitu."

Mwenye lori alikuwa jirani yetu, akibeba alizeti. Dereva wake alikuwa amemwomba kulanti msimu mzima. Asubuhi ya siku niliyoungua niliwasikia kwa masikio yangu.

"Bosi, kama kulanti hutaki, tungoje basi maji ya mchangani."

"Maji ni maji! Unaendesha lori au unanywesha mgonjwa?"

Bibi akamwambia, sufuria yangu inaliwa na chumvi, na chuma chako kitaliwa.

"Bibi, hii ni injini, siyo ugali!" Watu wakacheka. Wakajaza ya pampu, kama kawaida yao.

Saa sita lori likarudi linafoka mvuke. Jirani akaniita nipande kwenye bampa na ndoo yangu ya maji, niongeze kwenye rejeta. Dereva akasema tuache injini ipoe. "Fungua!" jirani akasema. "Alizeti hainingoji." Dereva akazungusha kitambaa mkononi, akafungua, akaruka pembeni. Mimi nilikuwa nimekumbatia ndoo.

Vidole vilikunjamana, kalamu haikushikika, shule ikaishia darasa la tatu. Haya nayaandika kwa kushoto. Nimezoea. Nisilolizoea ni neno la jirani mbele ya watu jioni ile: "Mtoto kachezea mfuniko." Dereva alisimama pale pale, kimya. Hadi leo wenzangu, wenye wajukuu sasa, wananitania, "Mchezea mfuniko, hujambo?" Na bibi alikufa akisemwa kwamba hakunichunga.

Mto ule sasa hauchotwi na mtu, kata zimepotea, dereva amezikwa na kimya chake. Jirani yupo, anaota jua mlangoni kwake. Namwambia shikamoo, ananiitikia marahaba huku akitazama kando ya mkono wangu.

Shikamoo yake ataendelea kuipata. Ila kwenye mkutano wa kijiji asimame, aseme kwa kinywa kile kile: nani alinipandisha kwenye bampa? Nani alisema fungua? Ajibu, na amtaje bibi yangu, kwamba alimwonya.