Gazeti lilisema natawanya copy za filamu. Natamani lingekuwa limesema kweli

Wakuu, salamu. Hii sijaitia chumvi. Ningeitia, ningejifanya shujaa.

2007 nikiishi Nakuru nilikuwa na desktop moja nzito na software ya ku-stream. Nilipitisha waya juu ya ukuta hadi kwa jirani yangu Harjit, muuza spare za magari. Sinema ziko kwangu, yeye anaziangalia kwake.

Raha ya siku hizo, jameni. Hakuna bundles, ni waya na ujirani tu. (Ndiyo, sinema zilikuwa za kuiba. Tusidanganyane.)

Kwenye hiyo hard disk kulikuwa pia na video ya ruracio ya dada yangu, sherehe ya mahari, marehemu baba akiwabariki wageni. DVD yake ilikuwa imekwaruzika, ikabaki hiyo tu.

Mathe, yaani mama yangu, akishuka kutoka Dundori na viazi vyake, hata chai hajaonja, ananiambia, "Hebu niwekee babako."

Harjit pia aliiangalia mara nyingi. Kikuyu hajui, lakini alimpenda mzee.

Siku moja akaja mwandishi wa gazeti akitafuta habari za teknolojia. Mimi na mdomo wangu nikamwonyesha kila kitu.

Ilipotoka nilinunua nakala tatu kabla ya kusoma. Kumbe habari yenyewe ni ya wizi wa filamu, na eti mashine yangu inatawanya copy kwa kila nyumba ya mtaa.

Niliogopa polisi vibaya sana. Nikaformat disk yote, nikafuta kila kitu bila kuchagua.

Polisi hawakuja. Hadi leo.

Aliyekuja ni mathe, mwisho wa mwezi. "Hebu niwekee babako."

Hapo nikakumbuka gazeti. Copy kwa kila nyumba! Nikakimbia kwa Harjit.

Alinisikiliza, akatikisa kichwa. "Boss, mimi nilikuwa naangalia tu. Kwangu hakuna kitu inabaki."

Ndiyo siku nilielewa streaming ni nini.

Mathe nilimwambia mashine imeharibika. Akasema sawa, itatengenezwa. Aliuliza mwaka mzima, kisha akaacha. Hiyo ndiyo inaniuma zaidi.

Funzo: usichanganye vyako na vya wizi, na usiogope kila kilichoandikwa.

Wenye yaliyowapata kama haya, semeni. Na kama kuna mtu humu alibeba camera kwenye ruracio Dundori, mzee wa koti la kijivu akibariki watu, tafadhali angalia tapes zako za zamani.

Mathe bado yuko.